Mlango Uliokataa Rangi

Tangu pikapu ya marehemu Gichovi iletwe nyumbani Manyatta juu ya lori, mama yake hakuonekana akipita mbele ya gari hilo. Akienda bombani alizungukia nyuma ya zizi, akakata katikati ya migomba, akatokea upande wa pili na tope miguuni, mradi tu asitazamane na ile kebini. Paa lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyokaliwa. Kioo cha mbele hakikuwapo. Mvua ya Aprili ya mwaka uliopita ndiyo iliyoiserereza kwenye kona za Thuci, ikitoka Maua na mzigo wa miraa kabla hakujapambazuka. Waliofika kwanza walisimulia kwamba Gichovi alikuwa ameketi vizuri tu kwenye usukani, mkono wa kulia nje ya dirisha, kiganja kimelala mlangoni, kama mtu anayesubiri kufunguliwa geti.

Hivyo ndivyo alivyoendesha siku zote. Madereva wa miraa wana haraka na honi haiwatoshi. Gichovi alikuwa na kiganja. Aliupiga mlango kwa nje, pa, pa, pa, na bodaboda na punda na wauza ndizi wakajua ni nani anayekuja.

Mdogo wake, Mugendi, ndiye aliyekataa gari lisiuzwe. Alikuwa amefanya kazi kwenye gereji mjini Embu, akajua kunyoosha bati na kupuliza rangi, na hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, wala hata mara moja.

"Hii gari haichinjwi," alisema matanga yalipoisha. "Ndugu yangu hakuwa na mbuzi. Alikuwa na gari."

Aliyetaka kuichinja ni Abdimajid, mfanyabiashara wa Maua, yuleyule aliyemuuzia Gichovi pikapu hiyo zamani. Alitaka kuinunua tena aifungue, auze injini huku na milango kule. Mama yao, Ednah, alikuwa tayari amekubali. Kwake, chuma kilichokula mtoto mmoja hakikuwa na kazi nyingine nyumbani ila kungojea wa pili. Mama na mwana walibishana hadi wakapatana kwa shida: Mugendi aitengeneze, lakini Abdimajid akishuka Embu kwa shughuli zake akaikuta bado ni gofu, aibebe.

"Na usinidanganye, baba," mama alimwambia. Alimwita baba kwa kuwa Mugendi alipewa jina la babu yake mzaa mama, na mama asingeweza kumkemea bila kwanza kumheshimu.

"Nikudanganye nini? Wewe hata hutaki kuiona."

"Sitaki. Na siku ukiniona karibu nayo, jua nimerukwa na akili."

Basi Mugendi akaanza. Chini ya banda la mabati kando ya mibuni aliinua paa kwa jeki na kipande cha mti, akaligonga kutoka ndani hadi likarudi mahali pake. Alitafuta kioo kingine. Alikata sehemu zilizoliwa na kutu chini ya miguu ya dereva, akachomelea bati jipya. Alikwaruza ile rangi nyeupe iliyokuwa imefubaa kama meno ya mzee, akajaza mabonde, akapiga msasa, akapuliza praima ya kijivu, rangi ya chini ya kushika ile ya juu. Injini ilikuwa nzima. Ilikohoa, ikatema moshi, ikakubali. Kazi yote hiyo aliifanya akiimba. Alikuwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe, za kuwatukana watu waliosema hataweza.

Rangi aliyoichagua ilikuwa bluu iliyoiva. Gichovi alikuwa akisema kila Krismasi kwamba mwaka ujao ataipaka bluu, na kila mwaka ujao ulifika na mzigo mwingine wa miraa.

Jioni kabla ya kupuliza, Mugendi alifuta kebini nzima kwa tina, dawa kali ya kuondolea mafuta, hadi kitambaa kikatoka safi kama kilivyoingia. Asubuhi, umande ulipokauka na upepo haujaamka, aliondoa vumbi kwa kitambaa kikavu, akawasha kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Alianza na paa. Bluu ililala juu ya bati kama maji ya kisima. Akashukia mlango wa abiria, akapita nyuma, akamalizia na mlango wa dereva.

Hapo ndipo rangi ilipofunguka. Kwanza kitundu kimoja, kidogo kama jicho la samaki. Kisha kingine kando yake, halafu kundi zima, rangi ikikimbia huku na huku kana kwamba bati linaiunguza. Mugendi alisimama na bunduki ya rangi mkononi akitazama vitundu vikipangana. Safu nne zilijipanga kuwa vidole. Moja ikajitenga kuwa gumba. Chini ya dirisha la dereva, pale palepale, kilikuwa kimetokea kiganja cha mkono wa kulia, kikubwa, vidole vimetanuka.

Jirani yake Kithaka, aliyekuwa akipita na jerikani ya maziwa, alisimama ugani akakodoa macho.

"Fundi," alisema, "nadhani umesahau kuomba ruhusa kwa dereva."

"Potea, Kithaka. Ni mafuta ya kompresa hayo."

"Mafuta yana vidole siku hizi?"

"Nimesema potea!"

Kithaka alipotea, lakini aliondoka na habari, na kabla ya saa sita Manyatta yote ilikuwa imeshaonja. Mama hakuja kutazama. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kanga mabegani, akauliza kwa mbali, "Ni kweli?"

"Ni kosa la mashine, mama."

"Mimi nimekuuliza kama ni kweli."

Mugendi alichukua msasa. Aliukwaruza mlango hadi kwenye bati, akaupaka praima upya. Aliazima kompresa nyingine mjini, yenye kichujio kipya. Alifuta mlango jioni, akaufuta tena, akalala na harufu ya tina puani. Asubuhi akapuliza.

Kiganja kikarudi. Safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na kimezama zaidi, kana kwamba mwenyewe alikuwa ameuegemea mlango kwa uzito wake wote.

Mugendi alikaa chini kwenye magunia. Nyimbo zilikuwa zimemwisha. Siku zile alianza kusikia mambo aliyokuwa akiwacheka wengine kwa kuyasikia: bati likilia, pa, katikati ya mchana, jua likiwa kali na banda likiwa tupu, harufu ya majani mabichi ya miraa ndani ya kebini aliyoiosha kwa sabuni kila pembe. Alijiambia bati hupanuka kwenye joto. Alijua hupanuka. Hata hivyo kila likilia aligeuka haraka, na kila akigeuka aliona aibu. Alasiri moja, akijua hakuna anayemwona, aliweka kiganja chake juu ya kile cha mlangoni. Kilimtosha na nafasi ikabaki.

"Unataka nini?" alinong'ona. "Si ni wewe uliyesema bluu?"

Kisha Abdimajid akapiga simu. Alikuwa ameshafika mjini Embu, angepanda Manyatta kesho alasiri, na alikuwa amekodi lori. Mama alisikia yote kutoka jikoni.

"Ikikataa kesho, ataichukua," alisema. "Hata mimi nimechoka, baba. Mwache aende."

Hakusema ni nani aachwe aende, gari au mtu.

Jioni ile Mugendi aliukwaruza mlango tena na kuupaka praima, na asubuhi yake aliamka kabla ya ng'ombe kuanza kulia. Rangi iliyobaki ilitosha mlango mmoja tu, na alitaka kuuchunguza kwa mwanga wa kwanza, inchi kwa inchi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukafunika mibuni hadi kiunoni. Alipokaribia banda alisikia sauti ndogo ikiongea Kiembu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Mbele ya mlango wa dereva kulikuwa na mtu, na mkono wa mtu huyo ulikuwa umewekwa juu ya mlango, vidole vimetanuka.

Kisha akaiona kanga.

"Mama?"

"Ngoja nimalize."

Alimaliza. Akaondoa kiganja mlangoni, akafunga kichupa kidogo, kile cha mafuta ya upako yaliyoombewa kanisani, akakitia kifuani.

"Unafanya nini hapa?"

"Ninachofanya kila asubuhi nikienda kukamua, tangu ulipoanza kuigonga hii kitu."

"Kila asubuhi?"

"Sikuweza kuipitia mbele watu wakiona. Wangesema Ednah ameanza kumpenda muuaji."

Mugendi alisogea, akapitisha kidole kwenye praima. Haikuonyesha kitu, ilikuwa imeyanywa mafuta kama udongo mkavu, yakatambaa kupita ukubwa wa mkono wa mama. Alikinusa kidole. Mzeituni. Akapiga kelele, nusu kicheko nusu hasira.

"Mama! Ni mafuta! Ni wewe! Mafuta na rangi havikai pamoja hata kwa dawa! Nimekwaruza huu mlango hadi mikono ikatoka damu, nimedhani ninapigana na maiti, kumbe ni wewe na kichupa chako!"

"Usinipigie kelele."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia mafuta yanaharibu?" Alikishika kichupa kifuani. "Mimi nilipoambiwa kiganja kimetokea, nilisema basi amekataa, mafuta ni machache. Nikaongeza."

Walitazamana. Ukungu ulipita kati yao. Mugendi aliona jinsi mambo yalivyokwenda: yeye akikwaruza, mama akipaka, kila mmoja akiogopa alichofanya mwenzake, na katikati yao wakamjenga mtu.

"Ulikuwa ukimwambia nini?" aliuliza, sasa taratibu.

"Mdomo unamwambia ashuke, amefika nyumbani, apumzike. Moyo unamwambia akae." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sijui yeye anasikia upi."

"Leo usipake, mama. Nikifuta hapa, usiguse tena. Naomba."

"Halafu uiendeshe ikiwa kavu hivyo? Uende nayo Thuci?"

"Nitaendesha vizuri."

"Yeye aliendesha vibaya?"

Mugendi alizoea kushinda mabishano kwa kuongeza sauti, na hapa sauti haikuwa na pa kwenda. Alijua akimzuia kwa nguvu, kesho alfajiri mama atarudi. Na asiporudi, hatalala tena maisha yake yote. Akapiga magoti kwenye vumbi la praima, mbele yake, akainamisha kichwa.

"Nipake mimi," alisema. "Gari haliendi lenyewe."

Mama alikitoa kichupa kifuani. Kisha kichupa kikafunguliwa, na mafuta yakashuka utosini, yakapita nyuma ya masikio, yakaingia shingoni. Aliyamimina yote. Mikono yake ilishika kichwa cha mwanawe kwa nguvu, kama inayokizuia kisidondoke.

"Usioge hadi kesho."

"Mama, nikiinama yatadondokea rangi."

"Basi jifunge."

Alijifunga taulo kichwani kama mwanamke aliyetoka saluni, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku ile. Aliufuta mlango kwa tina, vitambaa vipya vikifuatana. Alipofika pale penye kiganja alichukua kitambaa kingine. Hadi jana alikuwa akifuta kitu kinachomtisha. Leo alikuwa akimfuta mtu. Akafunga macho, akafuta.

Rangi ililala. Alingoja jicho la kwanza lifunguke, akiwa ameinama. Halikufunguka. Mlango ulibaki laini, bluu tupu, na migomba ikaonekana ndani yake imesimama kichwa chini. Mugendi alitazama hadi akachoka kutazama. Hakuwahi kufikiri kwamba kushinda kungekuwa na ubaridi namna ile. Alisikiliza. Jua lilikuwa limepanda na mabati yalikuwa yakiwaka, lakini hakuna kilicholia.

Abdimajid alifika alasiri, koti begani, lori likinguruma barabarani. Alisikia ukelele wa Mugendi wa "Usiguse!" akarudisha mikono nyuma, akaizunguka pikapu polepole.

"Wallahi, hii si ile."

"Ni ile," Mugendi alisema.

"Na wewe umevaa nini kichwani? Umeolewa?"

"Uliza mambo ya gari."

Abdimajid alicheka, kisha akamgeukia Ednah, aliyekuwa amesimama ugani, mbele ya pikapu, mchana mweupe. "Mama Gichovi, mimi nilikuja kwa neno lako. Unasemaje?"

"Lori lako lirudi tupu, mwanangu. Nisamehe kwa safari."

"Hakuna la kusamehe. Alikuwa mtu wangu pia." Akaitazama kebini mara moja zaidi. "Bluu. Alinisumbua sana na hiyo bluu."

Rangi ilipokomaa, Mugendi alipanda, akawasha. Alikuwa amekusudia kuijaribu peke yake hadi soko la Kanja na kurudi. Lakini mlango wa abiria ulifunguliwa na mama akapanda, amevaa viatu vya kanisani. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, cha watu watatu. Mama hakukaa dirishani. Alisogea hadi katikati, akabanana na mwanawe, goti lake likigusa gia.

"Nafasi ni kubwa, mama. Sogea upate hewa."

"Niko sawa."

Mlango wa kushoto ulikuwa bado wazi. Mugendi alinyoosha mkono aufunge, na mama akaushika mkono ule, akaurudisha polepole kwenye usukani. Walikaa hivyo, injini ikinguruma, wakitazama mbele. Kuku alipita. Upepo uliingia na harufu ya maua ya kahawa.

Halafu mama akavuta gauni lake kidogo, kama mtu anayempisha mwingine akae vizuri, akainama juu ya ile nafasi tupu ya dirishani bila kuigusa, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya," alisema. "Twende polepole."