Pumzi za Duara Namba Nne

Jumanne asubuhi Nyamizi alimfungia mumewe michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochanganywa na karanga, na Ngassa akaenda zake kazini, machimbo ya nje kidogo ya Masumbwe. Saa nne shimo lao, duara namba nne, likatitia na watu saba ndani, Ngassa akiwa mmoja wao. Kufika saa nane tajiri wa duara, Marselino, alikwishaleta katapila, akafukia mdomo wa shimo na kutangaza kwamba siku hiyo hakuna aliyeshuka. Jozi saba za ndala zilikuwa zimepangwa pale pale, maana wachimbaji huvua ndala kabla ya kushuka. Katapila lilizifukia nazo.

Jumatano kulipopambazuka, ukungu ulitoka kwenye ufa wa kifusi. Ulikuwa mwezi wa Agosti, nchi imekauka hadi mbuzi wanatafuna maboksi, lakini ukungu ulitoka, ukatulia, ukatoka tena, kama mtu aliyelala. Ulinukia michembe na karanga. Mariana, ambaye kaka yake alikuwa huko huko chini, alisikia harufu ya ugoro.

"Mwangaluka, baba Vumilia," Nyamizi aliamkia ufa kwa Kisukuma.

Ukungu ulitoka mzito kidogo. Nyamizi akajifunga kanga vizuri, akaenda mjini ofisi ya madini kueleza kwamba watu saba wanapumua, wafukuliwe.

Ofisi ilimsikiliza. Badala ya sururu, wakamletea mtaalamu wa hali ya hewa! Mtu ameomba koleo, anapewa kipimajoto. Haya bwana.

Mtaalamu aliitwa Edson, na hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa penye ufa, akawaeleza wanawake kwa upole. Hewa hubeba mvuke, alisema. Ikipoa inashindwa kuubeba, mvuke unashika vumbi na kuwa matone madogo sana. Matone yakiwa chini ni ukungu, yakiwa juu ni wingu. Kitu ni kile kile. Upo ukungu wa bondeni, ardhi inapopoa usiku chini ya anga tupu. Upo wa ziwani, hewa ya joto inapopita juu ya maji baridi, na wa milimani, hewa inapopanda mteremko. Mawingu nayo yana aina zake: membamba ya juu kabisa kama nyuzi za katani, yaliyotanda kama shuka, yenye marundo kama pamba, na yale meusi marefu ya radi.

"Na huu?" Nyamizi aliuliza.

"Huu ni ukungu wa mvuke. Unyevu wa moto umetoka mahali, umekutana na baridi ya asubuhi."

"Unyevu wa nani?"

Edson alitega sikio kwenye ufa. "Wa watu saba, mama. Mmoja ana kikohozi."

Akaandika "ukungu wa mvuke" kwenye fomu, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya majina, akapanda pikipiki akaondoka. Jua lilipokolea ukungu ulipanda, ukawa rundo moja la pamba, likasimama juu ya duara hadi jioni.

Alhamisi wanawake walikuja na majembe. Walinzi wa Marselino wakayachukua, wakasema eneo lina mwenyewe. Aliye juu mngoje chini, wanasema watu, na wale saba walikuwa wanamngoja chini kweli, lakini tajiri hakuwa na haraka. Alikuwa anautazama ukungu. Mwalo wake wa kuoshea mchanga wa dhahabu ulikuwa umekosa maji tangu Juni. Ijumaa akatandika maturubai juu ya ufa, akayainamisha, na pumzi zikawa matone, matone yakateremka kwenye simtanki tatu. Mwalo ukaanza kazi. Laana tupu! Mchanga waliouchimba wao, ukaoshwa kwa pumzi zao.

Kila asubuhi Nyamizi aliamkia ufa, akaitikiwa. Kila asubuhi alikwenda ofisini, akaambiwa faili lipo kwa mtaalamu.

Wiki ya tatu ukungu ulipungua. Simtanki moja tu ilijaa. Jumatatu, karani wa Marselino, Davis, alibisha hodi kwa Nyamizi akiwa na daftari.

"Shikamoo, mama Vumilia."

"Marahaba."

"Tajiri anauliza, mzee anapenda kula nini?"

Nyamizi aliacha kupepeta karanga. Yule yule aliyesema hakuna aliyeshuka.

"Anapenda michembe," alisema. "Na anapenda kutolewa."

Davis aliandika: michembe.

Mchana watu wa Marselino walimimina gunia zima la michembe kwenye ufa, wakarudishia turubai. Kesho yake ukungu ulitoka mzito, na simtanki zote tatu zilijaa kabla ya saa mbili.