Kilatini Kichwani mwa Séphora

Kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo yake. Msusi huona visogo kuliko nyuso, nami nashukuru, maana mtu akinitazama usoni maneno yangu yanakimbia. Séphora alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya magoti yangu, kitabu mapajani, akisoma kwa sauti: "Amo, amas, amat..." Hapo shingo ikakakamaa, kama ya kuku aliyesikia kisu kinanolewa. Kisha akakosea. Akaanza upya, shingo ikakakamaa palepale, akakosea tena. Nikawa najua kosa linakuja kabla halijafika kinywani.

Likizo kubwa ilikuwa inaisha. Vumbi jekundu la Ruashi, mtaa wetu, lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya mafuta ya nywele tukisahau kuyafunika. Tunasukia kwenye baraza la Mama Virginie, kando ya barabara wanayopita wachimbaji. Yeye ndiye mwenye viti, kioo na mdomo. Mimi nina vidole tu.

"Séphora," Mama Virginie akauliza, "ile amo-amo yako iko nini?"

"Iko kupenda, mama. Njo verbe, kitenzi ya kwanza ya latin."

"Kupenda! Tangu Septemba unasoma kupenda, na bado haujue? Ungekuya kuniuliza. Miye nilijua siku moja tu, pa soko, na hakukuwa kitabu."

Wateja wote wakacheka. Mama mmoja mwenye kichwa kilichosukwa nusu akauliza, "Na ile luga banaiongea wapi?"

"Hakuna mahali, mama. Benyewe balikufa."

"Balikufa, na bado banakusumbua!"

Séphora hakucheka. Alikuwa ameanguka Kilatini mwezi wa saba, na Jumatatu ilikuwa siku ya kurudia mtihani, ule tunaouita repêchage. Baba yake, Papa Adrien, anauza mabati na saruji kwa watu wanaojijengea nyumba mtaani kwetu. Familia yao ilitoka Kasai, na kwao shule ni kama chumvi, haikosekani nyumbani. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu wote: "Ukianguka tena, inatosha. Utakuja kuuza mabati pamoja na miye. Kwa mabati hakuna verbe." Séphora alitaka kuwa hakimu. Msumari wa bati na msumari wa mbao hakuweza hata kuitofautisha.

Mimi pia nilikuwa na langu katika jambo hilo, ingawa hakuna aliyelijua. Niliacha shule mwaka wa nne wa msingi, mama alipotupeleka Lukafu kulima mahindi. Tuliporudi mjini nilikuwa nimekuwa mrefu, na nikaona haya kukaa dawati moja na watoto wanaonifika kwenye mbavu. Basi nikashika kitana. Mwaka mzima Séphora alikuja kusukwa kila Jumamosi na kitabu chake, na mwaka mzima nikamfuata kimyakimya kwa midomo iliyofungwa. Sauti yake ilikuwa darasa langu. Akienda kuuza mabati, mimi ningekuwa nimeacha shule mara ya pili, na hakuna ambaye angeniuliza kwa nini.

"Mu français unaona muntu," akanung'unika Jumamosi ile. "Je, tu, il, miye, weye, yeye, anasimama pembeni, unamuona. Huku muntu iko wapi?"

Nikaongea na kisogo chake, taratibu. "Sema minapenda."

"Minapenda. Juu ya nini, ya Chanda?"

Ananiita hivyo, ya Chanda, dada yake mkubwa, ingawa tumepishana miaka michache tu.

"Sema zote."

"Minapenda, unapenda, anapenda. Tunapenda, munapenda, banapenda."

"Kwetu muntu anakaa mbele, pa kichwa. Labda kwabo anakaa pa mukia."

Akafungua kitabu, akashuka na kidole. "Amo, o iko miye. Amas, s iko weye. Amat, yeye. Amamus, siye. Amatis, ninyi. Amant, bale." Akageuka ghafla, nusura anivunjie kitana. "Professeur alitwambia! Alitwambia kabisa, lakini sikumusikia."

"Geuka, nywele itatoka."

Hapo ndipo nilipochagua mistari sita ya nywele, yote ikitoka kwenye paji la uso na kwenda nyuma hadi kwenye shingo. Mbele yote inafanana, kama kile kipande ama-. Mikia ndiyo inayotofautiana. Kila nilipofunga mkia mmoja, nilimfanya autaje. O. S. T. Vidole vyake vilikuja nyuma, vikaugusa, vikaukumbuka. Mus. Tis. Nt.

Mama Virginie akasimama mbele yetu, mikono kiunoni. "Chanda, unasuka ao unabatiza?"

Tulipomaliza wakati uliopo tukaingia wakati ujao: amabo, nitapenda, amabis, utapenda. Kipande -b- au -bi- kinaingia katikati, na mkia unabaki uleule, isipokuwa wa mwisho ambao hupenda kujipamba: amabunt. Nikauliza, "Na kitu ya bado, banasemaka namna gani?"

"Bado namna gani?"

"Kama vile sijala. Sijaenda."

Akatafuta kitabuni kwa muda mrefu. "Hawana alama yake. Banaweka tu neno nondum pembeni."

Nikawahurumia Warumi. Watu wa majeshi na barabara ndefu, lakini kitu ambacho bado hakijawa hawakukitengenezea hata nafasi ndogo ndani ya kitenzi.

Sasa kuna jambo ambalo yeyote aliyesoma kwa masista analijua, na sisi tulilisahau. Katika shule ya Séphora wasichana wote husuka mtindo mmoja. Mtindo huchorwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na lango, ule wanaouita valve, na ukibadilika, vichwa vyote vinabadilika. Mama Virginie alikuwa ameuliza, "Na modèle?" Séphora akajibu, "Mama, masomo ilifungwa, modèle iko ya nani?" Tukaona ni jibu zuri.

Jumatatu asubuhi simu ya Mama Virginie ikalia. Sauti ya Séphora niliisikia hata nikiwa mbali.

"Balinizuia pa mulango! Juu ya nywele!"

Karatasi ya mwisho ilibandikwa mwezi wa saba, na hakuna aliyeibandua. Kwa Madame Michelle, msimamizi wa nidhamu, karatasi ikiwa ukutani ni sheria, likizo au si likizo. Na karatasi ilisema mistari ipande juu, ikutane utosini kama majani ya nanasi. Ya Séphora ilikwenda nyuma.

"Mama, uende weye," nikamwambia Mama Virginie.

"Na huyu?" Akaonyesha bibi arusi aliyekuwa mikononi mwake, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama pori. "Kichwa haiachwe nusu. Tena unajua: mukono yenye ilisuka njo inafungua. Mutihani ni saa ine. Panda moto!"

Nikapanda pikipiki na kitana kwapani. Njiani dereva alinisimulia mambo ya mkewe. Nilisema "ee" tu. Nilikuwa ninawaza lango. Tangu nilipotoka shule sikuwa nimevuka lango la shule yoyote. Hata nikitumwa, nilikuwa ninazunguka.

Séphora alikuwa kwenye benchi la mlinzi, hatua mbili ndani ya lango, macho mekundu. Madame Michelle alisimama kando yake, mrefu, miwani ikining'inia kifuani.

"Njo coiffeuse, yenye alimusuka?"

Nikatikisa kichwa kukataa, kisha nikakubali kwa kichwa hichohicho.

"Ufanye haraka. Nilimwambia: akiwa na modèle, anaingia. Akiwa hana, haingie. Simuchukii, lakini nikifungua kwa mumoja, kesho nitaona perruque, nywele ya bandia, ya rangi ya machungwa."

Nilipoinua macho, valve ilikuwa mbele yangu. Ninasoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kulikuwa na picha ya ule mtindo. Kando yake kulikuwa na karatasi nyingine: masomo ya mchana, kumaliza shule ya msingi, vijana na watu wazima. Nikaisoma yote. Kisha nikakaa nyuma ya Séphora na kuanza kufungua mkia wa kwanza.

Akaushika mkono wangu. "Hapana, ya Chanda! Iko s! Ukiifungua, itatoka!"

"Haitoki."

"Vyote niliweka mule! Sasa nitaingia na kichwa ya bure!"

Shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Mlinzi alitutazama, Madame alitazama saa, na wasichana wengine waliokuja kurudia mitihani wakasimama kutuangalia. Mimi, ambaye sokoni huonyesha bei kwa vidole, nikasikia sauti ikitoka, na ilikuwa yangu.

"Haiko mu nywele. Iko mu kinywa. Sema: amo."

Akatikisa kichwa.

"Basi nitasema miye. Amo, amas, amat, amamus, amatis, amant." Wasichana wakasogea karibu. Sikuthubutu kuinua macho. Nilifungua mstari wa pili, nikaendelea, maana kama ningesimama nisingeanza tena. "Video, ninaona. Vides. Videt. Videmus, videtis, vident. Nitaona: vidabo, vidabis..."

"Vidabo!" Séphora akaruka kwenye benchi. "Vidabo iko nini? Videbo, ya Chanda! Hii inashika e, haikamate a! A iko ya amo!"

"Vidabit," nikaendelea. Naapa nilidhani ndivyo ilivyo.

"Videbit! Aï, mama! Videbit, videbimus, videbitis, videbunt! Unasikia weye? E! E! E!"

Wasichana wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Séphora amekuwa professeur." Na chini ya vidole vyangu shingo ikalegea, laini, kama unga uliopata maji ya kutosha. Akawa ananifundisha kwa hasira na furaha, nami nilisuka kuelekea juu, mstari baada ya mstari. Kila kosa langu alilirekebisha kwa ukali, na mimi nilikuwa nayo mengi, hakuna hata moja la kujifanya. Mstari wa mwisho ulipofika utosini alikuwa ameingia wakati uliopita, amabam, amabas, bila kugusa kichwa.

Madame Michelle akavaa miwani, akamzunguka Séphora, akaangalia picha, akaangalia kichwa.

"Ingia."

Séphora alikimbia. Mimi nikaanza kuokota nywele chini ya benchi. Madame hakuondoka.

"Na weye, ma fille, uko classe gani?"

Aliuliza darasa langu vizuri tu, kama unavyomuuliza mtu ametoka upande gani. Jibu lilikuwa tayari. Lilifika kwenye meno, likageuka. Nikafunga kitana ndani ya kitambaa, nikasema "merci, Madame", ingawa hakuna alichokuwa amenipa, na nikatoka nje ya lango haraka kuliko Séphora alivyoingia.

Alifaulu. Si kwa wingi, lakini alifaulu. Papa Adrien alikuja barazani mwenyewe, na bati jipya begani, akalipigilia mahali pale mvua inapotunyeshea kila mwaka. Kutoka juu ya ngazi akamuuliza binti yake, "Bati banaiita nini mu latin?"

"Papa, hawakukuwa na bati."

"Njo maana balikufa!" akasema Mama Virginie, na hapo hata Papa Adrien akalazimika kushuka ili acheke vizuri.

Jumamosi iliyofuata alikuja mteja mpya. Nilikuwa ninaosha vitana, sikumwona usoni. Niliona miwani ikining'inia kifuani.

"Ninataka ile mikono ya siku ile," akamwambia Mama Virginie, akakaa kwenye kiti changu.

Nikapaka mafuta, nikagawa nywele. Zilikuwa na mvi kidogo karibu na masikio. Nje wachimbaji walipita wakibishana juu ya mpira. Séphora alikuwa kwenye mkeka na kitabu kipya, akinong'ona vitenzi ambavyo sijavisikia, na mara kwa mara alinitazama kuona kama ninafuata. Nilisuka mstari mmoja, nikasuka wa pili. Shingo ya Madame Michelle ilitulia, haikuniuliza kitu. Ni rahisi zaidi kuongea na kisogo. Katikati ya mstari wa tatu, bila kusimamisha vidole, nikasema:

"Madame, siku ile uliniuliza niko classe gani. Niko mwaka wa ine wa primaire. Sijamaliza bado. Ninataka kumaliza."