Walafi wa Dirishani

Fundi meno alikuwa mwanamke wa makamo asiyezijua sura za wateja wake. Kutwa alijifungia chumba cha nyuma cha kliniki, akichonga meno ya bandia kwa kufuata alama za fizi alizoletewa kwenye plasta iliyogandishwa. Yakiwa tayari, daktari aliyachukua, yakaenda kucheka kwingine.

Nyumbani alikuwa akiishi na mdogo wake, mpaka mdogo huyo alipoolewa, ukubwani hivyo, akahamia upande wa pili wa mji. Chumba chake kikabaki na kitanda kitupu na dirisha linalopata jua zuri. Fundi akalijaza mimea inayokula wadudu. Mingine ilikuwa na vibuyu vyenye kuta za utelezi, sisimizi akiingia hatoki. Mingine ilimetameta matone yanayonata kama gundi. Ila roho yake ilikuwa kwa ule wa mataya: jani limegawanyika mara mbili, meno pembeni, nzi akigusa tu vinyweleo vya ndani, linajifunga pap! Aliinywesha maji ya mvua, maana ya bomba yangeiua. Majirani wakambandika jina la Mama Nzi. Naye akaitika.

Yalipotangazwa maonyesho ya maua, aliandikisha mimea yake, kisha akampigia mdogo wake simu.

"Njoo uione."

"Hao walafi wako?" mdogo mtu akacheka. "Haya dada, tutakuja. Tukipata nafasi lakini."

Siku ya siku, meza yake haikukosa watu. Walipiga kelele, wakasukumana, wakauliza kama mmea unaweza kula kidole. Fundi alieleza mpaka sauti ikamkauka. Tangu harusi ya mdogo wake hakuwa ameongea kiasi kile. Lakini jicho lake lilikuwa mlangoni.

Walifika alasiri, mdogo wake na mumewe, bwana mmoja mcheshi mwenye soseji mkononi.

"Shemeji! Watoto wako wamekula hawa?"

Kabla hajajibiwa, alimega kipande akakisokomeza kwenye taya kubwa kuliko yote. Likafunga. Akaangua kicheko.

Fundi alijua mafuta yale yangeliozesha lile jani, na waamuzi walikuwa bado hawajapita. Maneno yalimfika ulimini. Ndipo mdogo wake, huku akicheka mpaka machozi, akamshika mkono na kumwegemea begani, kama zamani walipokuwa wakiosha vyombo pamoja. Fundi akayameza maneno.

"Huyu ana njaa kweli," akasema. "Mpe na mwenzake, shemeji."

Shemeji hakungoja kubembelezwa. Akalisha la pili, la tatu. Wakacheka wote watatu, wakapiga picha. Kisha mdogo mtu akaitazama simu yake.

"Dada, sisi twende, tusije tukakwama njiani."

Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alipopita aliinama akatazama.

"Nani kailisha nyama?"

"Mimi."

"Wewe? Mimea umeitunza vizuri hivi, halafu wewe mwenyewe?"

Mwamuzi akatikisa kichwa, akahamia kwenye mawaridi.

Majani yale yaligeuka meusi, yakaanza kunuka. Fundi akayakata kwa mkasi mdogo, moja moja. Mmea wenyewe haukufa, ungechipua mengine.

Jumapili mdogo wake akapiga simu. "Dada, shemeji yako hana hadithi nyingine! Kila mtu anamsimulia. Kwani ulishinda?"

"Sikushinda. Mtakuja lini tena?"

"Tutaangalia, dada. Mambo ni mengi." Nyuma yake zilisikika sauti za watu na vijiko. "Ngoja kwanza, nina wageni hapa. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Fundi aliendelea kuishikilia sikioni kidogo, kisha akaiweka mezani, karibu, pale ambapo angeisikia. Akapasha moto chakula chake, akala akiwa amesimama.