Upande wa Kushoto wa Meshack

Kocha Anuari alikuwa mtu wa kuvumilia mengi. Alivumilia uwanja wa mazoezi uliokuwa vumbi tupu tangu goli hadi goli, na alivumilia kufundisha mabeki wa Nyika FC chini ya makocha wakuu watano ndani ya miaka minne, kila mmoja akija na mbwembwe zake na kuondoka amenuna. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kijana kumpita bila kumwamkia. Alizaliwa na kukulia Chang'ombe, kwa mzee Mohamedi, ambaye alikuwa akiwarudisha wanawe kutoka nusu ya njia ya shule ili wakamwamkie jirani waliyemruka. Anuari alirithi ugonjwa huo mzima mzima.

Ndiyo maana Meshack alipoanza kumpita, jambo hilo lilimuuma sana.

Meshack alikuwa beki wa kati, miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Chemba. Anuari mwenyewe ndiye aliyemwona kwenye mashindano ya mkoa na kumleta mjini. Msimu wa kwanza kijana alikuwa na adabu mpaka wenzake wakamtania. Alikuwa anavua kofia, anainama kidogo, "Shikamoo kocha," hata kama kocha yuko ng'ambo ya uwanja. Lakini tangu mwezi wa kwanza mambo yakageuka. Leo anaamkia vizuri, kesho anapita hatua moja kutoka alipo kocha kama anapita nguzo ya umeme. Anuari akahitimisha vile ambavyo mtu mzima yeyote wa mji huu angehitimisha. Redio zimemtaja, mashabiki wamempiga picha, kichwa kimevimba.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano, msimu unaelekea mwisho. Kocha mkuu alikuwa ameshatimuliwa, na kamati ya usajili ilitaka ripoti ya mabeki mezani siku ya Ijumaa. Mikataba miwili ilikuwa inaisha pamoja, wa Meshack na wa mwenzake Erick. Mmoja ataongezewa miaka mitatu, mwingine ataachwa, kwa sababu klabu ilishamsajili beki mzoefu, Marko, kwa ajili ya msimu ujao, na nafasi iliyobaki ni moja.

"Wewe ulicheza beki miaka kumi na miwili," mzee Ernest, mwenyekiti wa kamati, alimwambia kwa simu. "Utakachoandika ndicho tutakachopitisha. Sisi wengine huku tunajua kupiga makofi tu."

Erick alikuwa mtoto wa Kibakwe, mwembamba, mrefu, na mdomo wake haukuwa na likizo. Alicheza upande wa kushoto wa Meshack, na tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho alikuwa akipiga kelele: "Mtu! Kushoto! Mtu nyuma!" Mashabiki walimwita muuza samaki. Tena walimlaumu, maana magoli mengi yalipitia nyuma yake. Kila mara alikutwa amehama nafasi yake, amesogea kulia, ameacha pengo la kupitisha ng'ombe.

Jumatatu Anuari alijaza fomu. Kwa Erick, sehemu ya kiwango, aliandika kwamba hajui kukaa kwenye nafasi yake. Kwa Meshack, kiwango kizuri, afya nzuri. Alipofika sehemu ya nidhamu akaandika: "Imeshuka. Hana heshima kwa walimu wake." Aliandika hivyo ingawa yeye mwenyewe aliachwa na timu akiwa na miaka ishirini na minne kwa maneno kama hayo hayo, na mpaka leo hajui alimkosea nani. Hivyo ndivyo tulivyo. Tunayosahau kuliko yote ni maumivu tuliyopewa sisi, hasa siku ya kumpa mwingine.

Jumatano kulikuwa na mechi, na Erick aliingia uwanjani akiwa na mafua. Upepo wa baridi wa msimu ule, pamoja na vumbi lake, ulikuwa umemkausha koo mpaka sauti ikakatika kabisa. Hakuna aliyejali. Beki anacheza kwa miguu, sauti ya nini?

Ndani ya nusu saa Nyika walifungwa magoli mawili, yote kwa njia moja. Mshambuliaji alikuja kutokea kushoto kwa Meshack, akampita karibu kabisa, na Meshack, ambaye msimu mzima hakuwa amepitwa kizembe hata mara moja, alisimama kama mtu anayengoja gari. Jukwaani wakamzomea Erick, kwa mazoea tu. Lakini Anuari hakuwa anayatazama magoli. Alikuwa anamtazama Erick, anayekimbia huku na huku mdomo wazi bila sauti kutoka, anapunga mikono, na mwisho akaanza kumvuta Meshack jezi. Miaka kumi na miwili ya kucheza, Anuari hakuwahi kuona beki akimvuta jezi mwenzake wakati mpira unachezwa.

Alhamisi asubuhi, kabla mazoezi hayajaanza, Meshack alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi akifunga kamba za njumu. Anuari alichukua chupa ya maji, akamwendea taratibu kutokea kushoto. Akasimama hatua moja kutoka kwake na kumnyooshea chupa usawa wa shavu. Meshack aliendelea kufunga kamba. Alimaliza kiatu cha kwanza, akaanza cha pili, na chupa iko pale pale. Mkono wa Anuari ukachoka. Akazunguka kwa nyuma, akasimama upande wa kulia.

Meshack akaruka juu, kofia mkononi. "Shikamoo kocha."

Anuari hakuitikia. Alikuwa anazihesabu asubuhi zote za tangu mwezi wa kwanza, upande gani alisimama kwenye lango la kambi, upande gani alikaa kwenye basi. Akaona aibu. Miezi mitano amemnunia mtoto wa watu, kumbe mtoto hamwoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nini, kocha?"

"Jicho, Meshack. Tangu lini?"

Meshack alikaa chini tena, akaigeuza geuza kofia magotini. Kisha akasema yote, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetua mzigo. Mwezi wa kumi na mbili, mechi ya ugenini, kiwiko kilimpata jicho la kushoto. Siku za mwanzo aliona kama moshi, baadaye kama pazia linalovutwa kutoka pembeni. Alikwenda kwa daktari wa macho kimya kimya, bila kumwambia mtu wa timu. Daktari akamwambia ngozi ya ndani ya jicho imebanduka, afanyiwe upasuaji wiki ile ile, kisha akae nje ya mpira miezi mingi, na huenda asirudi tena.

"Mkataba ulikuwa umebaki miezi sita, kocha. Nikasema nimalize msimu kwanza, wakiniongeza nitakwenda. Sasa limezima."

"Na la pili?"

"La pili ni zima, linaona. Daktari alisema nililinde tu. Likiguswa hilo, basi."

Erick alikuwa amewaona kwa mbali, akaja mbio. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu, ikabidi Anuari ainame kumsikia.

"Kocha, naomba usiandike hilo. Ukiandika, huyu amekwisha. Hakuna timu nchi hii itakayomchukua. Mama yake na wadogo zake wanamtegemea yeye."

"Na wewe? Mnajua fika anabaki mmoja."

"Mimi nina macho mawili, kocha. Nitapata timu hata daraja la chini. Yeye atapata wapi?"

"Na magoli unayozomewa kila wiki?"

Erick alitazama pembeni. "Nilikuwa nafunika kwake, upande asiouona. Ningefanyaje?"

Anuari aliwaita wapumbavu, wote wawili. Aliwaambia mpira si mchezo wa kufichana, kwamba siku moja mtu ataokotwa pale katikati. Alipomaliza kufoka aliondoka, na fomu mbili za uongo mfukoni.

Jambo la haki lilikuwa moja, naye alilijua. Aandike ukweli, Meshack aende nyumbani na jicho lililobaki, Erick abaki kwa sababu ndiye beki bora, ingawa hakuna aliyewahi kuliona hilo. Mkewe, Yusra, alimwambia hivyo hivyo jioni ile, tena bila kuacha kukuna nazi. "Mrudishe kwao akiwa anaona. Atakulaani, mwache akulaani." Maneno yalikuwa mepesi hivyo. Lakini Anuari siku ile hakuamua kwa akili, aliamua kwa aibu. Alikuwa amemwonea kijana mara moja, na hakutaka kuwa yeye tena wa kumpokonya riziki. Alichana fomu ya Meshack, akaandika nyingine.

Ijumaa mzee Ernest aliisoma kwa sauti mbele ya kamati. "Afya?"

"Nzuri," Anuari alisema.

"Umri mzuri, kiwango kizuri. Nidhamu?"

"Sijawahi kufundisha kijana mwenye heshima kama Meshack."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo neno pekee la kweli lililosemwa katika kikao kile. Mchezaji anayeongezewa mkataba hapimwi afya upya, wanapimwa wapya tu, kwa hiyo sahihi zikatiwa siku ile ile. Habari ya Erick ilimalizwa kwa dakika mbili. Mjumbe mmoja alisema afadhali, masikio yatapumzika.

Erick alikuja kuaga na begi begani. Hakulalamika. Alisema jambo moja tu: "Kocha, mtafutie mtu wa kumwitia."

Na Anuari alijaribu, tumpe haki yake. Alimwita Marko, yule beki mpya, akamwomba azungumze zaidi uwanjani, amwite mwenzake kila mtu anapokuja. Marko alikuwa na miaka thelathini na moja na medali za kutosha kabatini. "Kocha, mimi nacheza kwa miguu," alijibu kwa heshima. "Huyo kijana ana macho yake." Anuari angempa sababu gani bila kulifichua lile jicho?

Basi akawa yeye mwenyewe ndiye Erick. Msimu mpya ulipoanza, mwezi wa nane, alisimama kwenye mstari dakika zote tisini akipayuka "Mtu! Kushoto!" mpaka waamuzi wakamwonya. Mechi mbili zilipita salama. Ya tatu ilikuwa nyumbani, jukwaa limejaa, ngoma na matarumbeta juu. Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande za uwanja, na Meshack akawa mbali, mwisho ule wa uwanja. Krosi ikaja. Anuari aliliona lile jambo zima kabla halijatokea. Mshambuliaji anakuja mbio kutokea kushoto, mkono mbele, na Meshack amerukia mpira, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayetegea sauti. Anuari alipiga kelele mpaka koo likachanika. Ngoma zilimmeza.

Sekunde ya mwisho Meshack alihisi mtu. Akageuka, lakini mwenye jicho moja hawezi kutupa jicho pembeni, ni lazima ageuze uso mzima. Akaugeuza wote kushoto, akalipeleka jicho zima mwenyewe kwenye kiwiko.

Siku ya nne Anuari alikwenda hospitali. Kwenye korido alimkuta mama yake Meshack, Zipora, amekaa sakafuni kwenye khanga, miguu ameinyoosha, amechoka kwa safari ya kutoka Chemba. Alipomtambua alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kocha, ahsante baba. Meshack alinieleza. Wewe ndiyo ulisema abaki."



"Daktari anasema hili jicho lingine lilikufa zamani," Zipora aliendelea, kwa Kiswahili chake cha kutafuta neno moja moja. "Mimi hakuniambia. Mtoto anaficha mama. Lakini nasema, angekuambia wewe, wewe ungemrudisha nyumbani. Nasema kweli?"

"Kweli, mama," Anuari alisema, na mkono wake bado uko ndani ya mikono ile.

Wodini Meshack alikuwa amekaa kitandani, bandeji zimeshatolewa, macho yote mawili wazi, yameelekea mlangoni. Kushoto kwake alikaa Erick, na bakuli la uji magotini. Alikuwa amefika kutoka Kibakwe asubuhi ile, bado hajapata timu. Anuari alipita upande wa kulia, kama alivyojizoesha tangu mwezi wa tano, akasimama pale ambapo siku zote alikuwa anaonekana. Akangoja.

Meshack hakumwamkia.

Erick alimtazama kocha. Yeye ambaye mdomo wake haukuwa na likizo hakusema neno. Alirudisha macho kwenye bakuli, akakoroga uji.

"Nani ameingia?" Meshack akauliza. Erick hakumjibu.

"Ni mimi," Anuari alisema.

Meshack alinyoosha mgongo haraka, akainua mkono kichwani kuvua kofia ambayo haikuwepo, akainama kidogo upande ambao si wenyewe.

"Shikamoo kocha," alisema. "Nisamehe, sikukuona."

Anuari alilitafuta jibu, lile neno moja ambalo mtoto wa Chang'ombe anafundishwa kulingoja kabla hajajua kutembea vizuri. Halikuja. Meshack alibaki ameinama, anangoja kuitikiwa.