Tarishi Amekonda, Bosi Amenenepa

Mama Mwiko alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwona kiumbe mwenye njaa akanyamaza. Jina lenyewe alipewa na wanafunzi wa shule alikokuwa akipika, watoto mia nne na ushee, kwa sababu mwiko wake ulikuwa haujui kipimo. Mtoto akisema imetosha, anaongezewa. Mwalimu akisema leo hana njaa, anaongezewa na kusimangwa juu. Mumewe, kinyozi mpole asiyependa makuu, alikuwa ameshaacha kubishana naye. Kila mwaka alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, maisha yakaendelea.

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo, kila asubuhi anafungua dirisha la jiko lake, lililo juu kuliko ukuta wa uani, na kukutana uso kwa uso na mbwa wa jirani, mbavu nje, macho yamemtoka, anamtazama yeye na sufuria yake. Si mateso hayo?

Mbwa huyo aliitwa Tarishi. Mwenye mbwa aliitwa Bi Mashine, maana alikuwa mpiga taipu wa mahakama kwa miaka thelathini na mitatu, akastaafu na heshima zake zote, na mpaka leo akikaa vidole vyake havitulii. Aliishi peke yake na wanyama wawili, akawapa vyeo vya ofisini: mbwa Tarishi, paka Bosi. Na kama ilivyo katika ofisi nyingi, Tarishi alikuwa amekonda, na Bosi alikuwa amenenepa mpaka akitembea tumbo linafagia uwanja.

Hapo ndipo palipomchoma Mama Mwiko. Wangekonda wote wawili angesema maskini, hali ngumu, pensheni haitoshi. Lakini mmoja ashibe mpaka ashindwe kuruka ukuta, mwingine afe njaa hatua tatu pembeni yake? Huo sasa ulikuwa ubaguzi!

Na Tarishi hakuwa hivyo zamani. Alikuwa akizurura uwanja mzima, anabweka anapotaka. Mwezi mmoja nyuma alichoropoka getini, akapotea siku mbili, na aliporudi Bi Mashine akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Tangu siku hiyo ndipo akaanza kuisha kama sabuni.

Msidhani Mama Mwiko alikurupuka. Aliuliza kwanza. Alimvizia Bi Mashine akianika nguo, akapanda juu ya ndoo, akachungulia ukutani.

"Shikamoo, Bi Mashine. Tarishi hajambo? Chakula kinapanda?"

"Marahaba, mwanangu. Aah, huyo! Nampa asubuhi, nampa jioni, na sahani anailamba mpaka inang'aa."

Mama Mwiko alishuka kwenye ndoo. Kudanganywa alikuwa amezoea, alikuwa na watoto mia nne kazini. Lakini kudanganywa kweupe namna ile, na mtu mzima, mbwa mwenyewe amesimama pale kama shahidi! Akajaribu kurusha makombo juu ya ukuta. Mifupa, ukoko, vipande vya mkate. Vyote viliangukia pabaya, na Bosi alivifikia kabla Tarishi hajanyanyua shingo.

"Si ubishe hodi, mkae, mzungumze?" mumewe alisema, anasafisha mashine yake ya kunyolea.

"Nikamwambie nini? Nimeuliza, nimedanganywa. Nikiuliza tena nitagombana naye."

"Basi gombaneni. Mtapatana."

Ushauri mzuri sana huo, na kama ushauri mwingi mzuri wa waume, haukusikilizwa. Mama Mwiko alichana karatasi mbili katikati ya daftari la kuandikia akiba ya unga, akakaa mezani, akaandikia ofisi ya bwana mifugo. Aliandika kwa hasira, na hasira ilimpa ufasaha ambao shuleni hakuwa nao. Hakuweka jina lake, aliweka "Jirani Mwenye Huruma". Alipoitumbukiza barua kwenye sanduku la ofisi ile, alijisikia mwepesi, akaimba njia nzima.

Wepesi huo ulidumu siku nne.

Siku ya tano, Jumanne alasiri, Bi Mashine mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa amevaa nadhifu kama anakwenda kazini, na mkononi ameshika bahasha ya kaki.

"Mwanangu, nisaidie. Imeletwa barua ya serikali na miwani yangu nimeikalia, imevunjika. Hebu nisomee."

Mama Mwiko aliona muhuri wa ofisi ya mifugo, akavuta kiti. Alifungua. Macho yalishuka mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa mbaya kuliko wa juu yake. Bwana mifugo angefika Alhamisi saa nne asubuhi. Akikuta mbwa yuko katika hali iliyoelezwa, atamchukua. Na ili mwenye mbwa ajue ameshitakiwa nini, karani mmoja mwenye bidii zisizo na maana alikuwa amenakili malalamiko yote, neno kwa neno.

"Haya, soma," Bi Mashine alisema, ameinamisha kichwa kusikiliza.

Mama Mwiko alikohoa. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kutunga.

"Kwa heshima na taadhima, mpendwa Bi Mashine, sisi wa ofisi ya mifugo tunakusalimu wewe na wanyama wako..."

"Acha."

"Ndiyo?"

"Mimi nimepiga barua za serikali miaka thelathini na mitatu. Serikali haina mpendwa, na haisalimii wanyama. Barua hiyo inaanza na kumbukumbu namba, halafu kichwa cha habari, halafu 'kichwa cha habari hapo juu chahusika'. Soma kilichoandikwa, mwanangu, si unachonihurumia."

Basi akasoma. Afanyeje? Alisoma kumbukumbu namba, alisoma kichwa cha habari, alisoma Alhamisi saa nne, na alipofika kwenye malalamiko sauti ikawa ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "'Mwanamke huyu anashiba yeye na paka wake, na mbwa anamtazama. Sijui moyo wake umetengenezwa na nini. Mbwa amebaki mifupa, na mifupa yenyewe ukiichemsha kutwa nzima huambulii hata mchuzi wa kulowekea mkate.'"

Vidole vya Bi Mashine vilikuwa vikigonga goti polepole, kama vinaipiga taipu ile sentensi kuona ina uzito gani.

"Sentensi hiyo ya mwisho," alisema, "ni ya mpishi."

Mama Mwiko alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. "Ni mimi, Bi Mashine. Nisamehe. Ni mimi niliyeandika."

"Umeandika vizuri. Inachoma." Bi Mashine alisimama, na midomo ilikuwa inamcheza. "Ila mimi simnyimi Tarishi chakula. Nitalala njaa mimi kabla sijamnyima yule. Twende ukaone kwa macho yako."

Walikwenda. Mama Mwiko alimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi jirani yake anavyotembea: mkono unapapasa ukuta, mguu unatangulia kutafuta ngazi, midomo inahesabu hatua chinichini. Jikoni Bi Mashine alichota ubwabwa na vipande vya nyama, sahani imejaa pomoni, chakula ambacho Mama Mwiko mwenyewe asingeona haya kukipakua. Alitoka nacho, akahesabu hatua sita kutoka mlangoni, akainama, akaweka sahani chini karibu na pipa la maji.

"Haya Tarishi, kula baba."

Tarishi aliruka. Mnyororo ukamkaba, akarudi nyuma. Ulikuwa umejizungusha kwenye nguzo siku baada ya siku, mara tisa au kumi, umebaki mfupi kama mkono, na sahani ilikuwa mbele yake mahali asipoweza kufika hata angejivuta vipi. Kutoka dirishani kwa Mama Mwiko, pipa lile lilikuwa linaificha sahani. Na Bosi huyo, anakuja taratibu bila haraka, mwenye ofisi yake, akainamisha kichwa na kuanza kula.

Bi Mashine alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, jua la alasiri limemulika uwanja wote, na anatabasamu.

"Unamsikia anavyolamba? Kila siku hivyo hivyo. Nikija kuokota sahani naipapasa, tupu."

Mama Mwiko alimtazama paka, akamtazama mbwa, akamtazama mama yule anayetabasamu.

"Bi Mashine," alisema, "anayekula ni Bosi."

Tabasamu lilibaki pale muda kidogo, halijui liende wapi. "Na Tarishi?"

"Tarishi hajafika kwenye sahani. Mnyororo umejisokota. Yuko hapa mbele yako, anakutazama."

Bi Mashine alinyoosha mkono mbele, hewani, na Tarishi akajivuta mpaka ncha ya pua ikamgusa vidole. Mkono ukashuka shingoni, ukashuka mbavuni, ukahesabu ubavu mmoja mmoja. Akakaa chini palepale vumbini na nguo yake nadhifu, akalia kama mtoto. Mama Mwiko naye alilia, huku anamfukuza Bosi kwa kandambili na kuusokotoa mnyororo, maana kulia hakujawahi kumzuia kufanya kazi. Tarishi alikula sahani nzima. Akaongezewa.

Yaliyobaki yakatoka. Macho yalianza kuingia ukungu mwaka uliopita, kwanza jicho moja, halafu la pili. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Siku Tarishi alipopotea alimtafuta mtaani kwa sauti, anaogopa kuvuka barabara, na ndiyo maana alipopatikana alimfunga. Binti yake hakuambiwa.

"Akijua tu, siku hiyo hiyo nafungashwa. Yeye anakaa ghorofa ya tano, na kwenye jengo lao mbwa hawaruhusiwi. Nikamwache nani na Tarishi? Nyumba hii naijua kwa hatua. Kule nitakuwa mzigo wa kuwekwa kwenye kiti."

"Basi tunyamaze!" Mama Mwiko alifuta machozi, akili imeshaanza kupika. "Nitamlisha mimi leo na kesho, asubuhi, mchana na jioni. Bwana mifugo akija akute tumbo limejaa."

"Mwanangu, mbavu za mwezi mzima huzifuniki kwa siku mbili. Hata ukiwa wewe." Bi Mashine alijipangusa vumbi. "Barua ya serikali hujibiwa kwa barua. Kuna kalamu kwako?"

Wakarudi jikoni kwa Mama Mwiko. Ile miaka yote Bi Mashine alikuwa amepiga maneno ya wenzake: mahakimu, mawakili, wezi, wake waliokimbiwa na waume zao. Ya kwake alikuwa hajawahi kuyaweka kwenye karatasi. Alikaa wima, mikono magotini, akaanza.

"Kumbukumbu namba kama ilivyo kwao. Kichwa cha habari, pigia mstari. Aya mpya. Mbwa wangu amekonda kwa sababu mimi, mkato, mwenye mbwa, mkato, sioni. Nukta."

"Mbona sisikii kalamu?"

"Tunaweza kuandika 'ninaumwa kidogo'," Mama Mwiko alinong'ona.

"Andika sioni. Nukta. Aya mpya. Naomba asichukuliwe. Nimepata wa kunisaidia kumlisha, ambaye ni mlalamikaji mwenyewe. Nukta. Wako katika utumishi." Akavuta pumzi ndefu. "Sasa chini kabisa, upande wa kushoto. Nakala kwa, nukta pacha: binti yangu."

Mama Mwiko aliweka kalamu chini. "Bi Mashine, una hakika?"

"Sina. Andika kabla sijageuka."

Akaandika. Kisha akamshika mkono jirani yake, akauweka penye nafasi ya sahihi, na Bi Mashine akatia sahihi yake ndefu, imenyooka, bila kutikisika.

Nakala ilisomwa kwa simu jioni ile. Binti alilia, akafoka, akasema kesho anakuja na gari la mizigo, akalia tena. Mwishowe walikubaliana kwanza hospitali ya macho wiki ijayo, mengine yatazungumzwa baada ya daktari. Kufungasha hakukufutwa, kuliahirishwa. Bi Mashine alisema mahakamani watu wameishi maisha mazuri tu kwenye kuahirishwa.

Alhamisi saa nne kamili bwana mifugo alifika, kijana mrefu mwenye faili kwapani. Alimtazama Tarishi, mbavu bado zinahesabika, lakini mkia unapiga ngoma kwenye pipa. Alikabidhiwa barua ya Bi Mashine, akaisoma amesimama uwanjani. Akaisoma tena, akakuna kichwa.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi," Mama Mwiko alisema.

"Aliyeandika barua hii ya utetezi?"

"Mimi."

"Na atakayemlisha mbwa?"

"Mimi pia. Na wewe umekunywa chai? Umekonda."

Kijana aligeuza ukurasa wa faili lake. "Mama, mimi nahitaji kuandika jina la mwenye mbwa. Naye ni..."

Mama Mwiko alikuwa tayari amevuta pumzi kujibu. Mlangoni, Bi Mashine aliondoa mkono ukutani. Akashuka ngazi, akatembea hatua sita bila kuhesabu kwa sauti, akasimama mbele ya kivuli kirefu kilichokuwa kikizungumza. Alikuwa amekikosa kidogo, uso wake ulitazama bega la kijana, na kijana akasogea ili awe mbele yake.

"Huyo ni mimi," Bi Mashine alisema. "Andika."