Boksi la Samaki Lililofika Woodley

Bosi wangu, Norman Gichuru, alikuwa mtu wa kutuma watu. Hata ukimwomba ruhusa ya kwenda mazishi, angekutuma kitu cha kuleta ukirudi. Kwa hivyo aliponiambia naenda Kisumu kufundisha mawakala wapya wa bima, Jumatatu hadi Alhamisi, nirudi Ijumaa, na wiki itakayofuata tena vivyo hivyo, sikushangaa aliposhusha sauti, akaniita kwa jina na kuongeza, "Wangu, usirudi mikono mitupu. Wakwe zangu wanakuja Ijumaa. Nataka samaki wa kuwanyamazisha."

Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Huo ulikuwa mwaka wa 2006, likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili tu, ikiisha unarudi kazini na matiti yako na hakuna anayekuuliza utayaweka wapi. Nilikuwa nimemwomba Gichuru chumba cha mikutano, dakika chache tu mchana, nikamue. Akaniambia chumba hicho ni cha wateja. Basi nikawa nakamulia chooni kwa pampu ya mkono, nimekalia kifuniko, watu wakigonga mlango na kuniuliza kama tumbo linauma.

Nyumbani Kabiria, pembeni mwa Nairobi, nilikuwa na vita vingine. Mtoto anaitwa Karanja, jina la marehemu baba mkwe wangu, na kwetu mtoto akishapewa jina la mzee, nyanya yake ana haki ya kumwita mume. Mama mkwe aliitumia haki hiyo vizuri. "Mume wangu hawezi kunywa maziwa yaliyolala kwa friji na matumbo ya ng'ombe," aliniambia. "Karanja alikuwa anamaliza sufuria ya uji peke yake." Nikamkumbusha kwamba Karanja huyo alikuwa na miaka sitini na mashamba mawili. Hakunisikia.

Wala sikuwa naleta ukaidi. Debra, msichana wetu wa kwanza, alipewa uji akiwa na miezi miwili, mimi niko kazini, na tukalala naye wadi wiki nzima, amekauka, macho yameingia ndani. Mama mkwe anasema ilikuwa meno. Mtoto wa miezi miwili, meno. Haron, mume wangu, ambaye tukianza kubishana hukumbuka ana kazi ya kufanya nje, ndiye aliyetupatanisha: maziwa yangu yakiwa kwa friji, mtoto atapewa hayo. Siku friji haina kitu na mimi sipo, Mama atapika uji. Nilipoondoka niliacha ya kutosha wiki ile moja. Ya wiki ya pili ilibidi niyatoe huko huko Kisumu, la sivyo Jumatatu nikiondoka tena, sufuria inapanda jikoni.

Nikayatoa. Mawakala wakienda chai, mimi naenda kujifungia na pampu yangu, kama ng'ombe wa gredi. Mpishi wa hoteli alinihifadhia vichupa kwenye friza yake, katikati ya samaki, bila kuniuliza hata swali moja, Mungu ambariki. Siku ya kurudi nikanunua sokoni lile boksi jeupe la kubebea samaki, jepesi, ambalo kifuniko chake hulia ukikibana, nikapanga vichupa na barafu. Lilinuka ziwa lote. Gichuru naye nilimnunulia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, mfuko mmoja wa karatasi. Hakuwa amesema anataka samaki wa ukubwa gani.

Ningeenda nyumbani moja kwa moja, lakini bwana huyo alitaka ripoti yake mkononi Ijumaa hiyo hiyo, na mimi nilitaka barafu mpya kutoka friji ya ofisi. Nikapanda mpaka ofisini Upper Hill na boksi langu, nikalisukuma chini ya meza, nikaning'iniza omena kwenye kiti. Kifua kilikuwa kimejaa hadi kinauma. Nikakutana na Gichuru kwenye korido, amevaa tai nyekundu, ananukia.

"Samaki wangu?"

"Wako kwa meza yangu, bosi," nikamwambia, nikakimbilia chooni.

Niliporudi, omena walikuwa pale pale kwenye kiti. Boksi halikuwepo.

Jasleen, mhasibu wetu, niliyeajiriwa naye siku moja, alikuwa anafunga kabati zake. "Bosi amebeba boksi lako," akasema. "Amekusifu sana. Amesema wewe ndiye mfanyakazi wa pekee mwenye akili hapa."

Nikampigia Gichuru simu, yule mama wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena, akarudia, na kwa sauti yenye furaha kabisa. Nikakaa kitini nikalia, machozi ya hasira, kwa sababu maziwa yale nilikuwa nimeyatafuta tone kwa tone, na sasa yalikuwa yanaelekea kukaangwa kwa vitunguu. Jasleen hakuuliza mengi. Aliwaangalia wale omena, akaniangalia mimi, akachukua funguo za gari. "Twende," akasema. "Na ufute hiyo pua, unaenda kwa wakwe wa watu."

Tulishuka Ngong Road pole pole kama jioni zote za Ijumaa, mimi nikihesabu barafu inavyoyeyuka, Jasleen akijaribu kutocheka. Kilichomchekesha ni hiki: nilikuwa nimemweleza kwamba wazee wengi wa kwetu Ukikuyuni samaki hawamgusi kwa kinywa, wanamweka ukoo mmoja na nyoka. Gichuru anajua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alitaka wakwe waone binti yao ameolewa na mtu wa mjini.

Kwake ni Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili zenye ua wa michongoma. Mkewe, Wanjugu, alitufungulia mlango akiwa na aproni, akidhani tumealikwa, akatukaribisha ndani. Na hapo sebuleni, juu ya meza ya kahawa, kwenye kitambaa cha kufuma, ndipo lilipokuwa boksi langu. Gichuru alikuwa amesimama mbele yake anatoa hotuba. Baba mkwe wake amekaa na kofia magotini. Mama mkwe wake, bibi mwembamba wa leso kichwani, ameshika kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Wazazi wangu," Gichuru alikuwa anasema, "hiki kitu leo asubuhi kilikuwa kinaogelea." Akafungua.

Kifuniko kikalia. Watu wote wakachungulia, wakaona vichupa vyangu vimejipanga vizuri ndani ya barafu, vyeupe, kimya kabisa.

"Ni mayai ya samaki?" mzee akauliza kwa woga.

Gichuru aliinua uso akaniona mlangoni. Ningeweza kumwokoa. Ningesema ni dawa, ningesema ni sampuli za maabara, na ninaapa nilikuwa na nia. Lakini nikamwona amepanua mdomo, akasema, "Wangu, ni upuzi gani huu umeniletea?" Nia ikaniisha.

"Ni maziwa yangu, bosi."

"Maziwa ya Kisumu?" mzee akauliza.

"Hapana, Guka," nikasema, kama tunavyowaita babu zetu. "Yangu mimi. Ya mtoto wangu anyonye."

Kwetu mwanamume akiwa mbele ya mama mkwe hata neno paja hulizunguka kwa mbali. Gichuru alikuwa amesimama mbele ya wa kwake na maziwa ya mfanyakazi wake juu ya kitambaa cha kufuma. Tai ile nyekundu na shingo vikawa rangi moja. Mzee alikuwa wa kwanza kupumua. "Kwa hivyo hakuna samaki," akasema, akarudi nyuma kitini, amefurahi waziwazi.

Bibi alikuwa ameshaacha kiti chake. Aliinama juu ya boksi, akashika kichupa kimoja, akakibonyeza. "Yameganda bado," akasema. "Wanjugu, lete barafu haraka." Kisha akanigeukia. "Na mtoto ana miezi mingapi?"

"Mitatu, Cucu," nikamjibu kama nyanya yangu.

"Na ukiwa ofisini unakamulia wapi?"

Nilikuwa nimeshalipiza vya kutosha, na mtu ana kazi ya kulinda. Ni Jasleen aliyejibu, kwa upole wote wa dunia. "Chooni, Cucu. Chumba kiko, lakini ni cha wateja."

"Nani alisema ni cha wateja?"

Sisi wote tukaangalia zulia, Gichuru zaidi yetu.

Bibi alimgeukia. "Mkwe wangu," akasema, "mimi nimekuja hapa kula kwako. Umeniandalia chakula wapi? Chooni?"

"Hapana, Mama."

"Nimefurahi. Sasa beba hilo boksi umpelekee mtoto chakula chake. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Sisi tutakungoja, hatuna njaa ya samaki."

Basi ndivyo meneja wetu alivyokuja Kabiria. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari la Jasleen lilikataa kupita pale njia inapoharibika, tukateremka. Gichuru akatangulia na boksi amelikumbatia kifuani, viatu vyake vya ngozi vikizama na kutoka, majirani wakisimama milangoni kuangalia. Mimi nilifuata nyuma bila mzigo. Sijawahi kutembea vizuri hivyo maishani.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Sikuhitaji kuuliza anapika nini, harufu ya unga wa wimbi ilinipokea mlangoni. Karanja alikuwa mgongoni kwake, anatafuna leso.

"Mama, si tulikubaliana?" nikasema.

"Kichupa cha mwisho kiliisha mchana. Mume wangu hawezi kungoja gari la Kisumu." Kisha akamwona Gichuru. "Na huyu?"

"Ni meneja wetu."

Aliangalia tai. Akaangalia viatu. "Amebeba nini?"

"Maziwa ya mtoto, Mama," Gichuru akasema, akamnyooshea boksi kwa mikono miwili.

Mama mkwe aliweka mwiko chini. Akapangusa mikono kwenye aproni, upande huu na upande ule, akalipokea boksi kwa mikono miwili vilevile, kama sadaka. Alienda nalo kwenye friji, akatoa matumbo nje, akapangusa rafu, akapanga vichupa kimoja kimoja. Mimi nilimfungua Karanja mgongoni nikakaa naye kwenye stuli, akashika titi bila kuuliza habari za safari.

Lakini mgeni haondoki nyumba yetu na midomo mikavu. Mama mkwe aliangalia huku na huku, akaona hakuna chai, akamimina uji wa mume wake kwenye kikombe kikubwa, mwepesi, bila sukari hata chembe, akampa meneja. Gichuru aliunywa wote akiwa amesimama. Alipofika nusu akanisogelea.

"Na samaki wangu?"

"Wako kwa kiti changu, bosi. Ofisini."

"Ni ngege, wale wakubwa?"

"Ni omena."

Alifikiria wikendi nzima iliyokuwa mbele yetu, na harufu ndani ya ofisi iliyofungwa madirisha. Akamaliza uji. "Utakaporudi kutoka Kisumu," akasema, "njoo uchukue ufunguo wa chumba cha mikutano."

Alipokwisha kwenda, Mama alisuuza sufuria, akafunga mfuko wa unga wa wimbi, akaupandisha juu ya kabati mahali ambapo hata yeye humbidi kupanda kiti. Muuguzi kule wadi alikuwa amemweleza. Haron alikuwa amemweleza. Mimi nilikuwa nimelia mbele yake. Sasa alikuwa anamweleza jirani dirishani, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, kwamba maziwa ya mjukuu wake ni kitu cha maana sana.

"Mtu wa tai," alisema, "hawezi kukanyaga matope ya Kabiria kwa ajili ya kitu kibaya."

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini nilimwangalia Karanja, mashavu yamejaa, maziwa yanamtiririka kidevuni, nikafunga mdomo wangu na kumhamishia titi la pili.