Pembe za Katarina

Saa nne asubuhi, mwaka ule wa 1931, Katarina alifika nyuma ya stesheni ya Tabora, kwenye baraza la bwana mkusanyaji wa hadithi. Alipangusa vumbi miguuni, akaketi mkekani. Alikuja kwa jambo moja tu. Mwingereza huyo alikuwa akieleza mjini kwamba hadithi ya zimwi lililomeza nchi nzima si ya Wanyamwezi. Eti waliiokota pwani kwa Waarabu, walipokuwa wapagazi wa misafara. Baba yake Katarina, Mahona, alikuwa mpagazi. Aliondoka na pembe ya ndovu begani, Katarina angali mtoto, asirudi. Hadithi hiyo ndiyo urithi pekee aliomwachia, na nani akubali urithi wake uitwe wa kuokota?

“Nitaisimulia jioni,” Katarina alisema. “Anayesimulia mchana huota pembe.”

Mfaume, mkalimani, alitafsiri. Bwana akajibu kwamba ofisi hufungwa saa kumi.

Basi akasimulia. Zimwi lilipomeza ng'ombe, pembe mbili zilichomoza juu ya paji la Katarina, ndogo kama za mwanambuzi. Lilipomeza watu, zilikuwa zimefika urefu wa kidole. Mfaume alimwuliza kama angependa kupumzika kidogo. Katarina alikataa. Hadithi ikikatizwa pale, watu hubaki tumboni, na huo si uungwana.

Mtoto pekee aliyesalia akalipasua zimwi kidole gumba cha mguu. Watu wakaanza kutoka, wakipitia mlango wa ghala la bwana, wakiomba maji. Walitoka Wanyamwezi, wakatoka Wamanyema, akatoka mzee mmoja mwenye ndevu zinazonuka samaki, kisha bibi wa Kizungu mwenye kofia ya kulalia. Bwana alisimama akampisha kiti.

“Kwetu alikuwa mbwamwitu,” yule bibi alisema, na Mfaume akatafsiri. “Ila giza lake ni hili hili.”

Wa mwisho alikuwa Mahona, pembe ya ndovu begani, kijana kuliko bintiye.

“Shikamoo baba,” alisema Katarina kwa furaha.

“Marahaba, mwanangu. Nani amesema tuliiokota?”

Katarina alimwonyesha bwana kwa kidevu.

“Bwana, aisifuye mvua imemnyea,” alisema Mahona. “Hawa wote wamemezwa, na kila mmoja alisimulia kwao. Mimi yangu niliisimulia kila kambi, kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Watu wa pwani walikuwa wakinyamaza kunisikiliza.”

Mfaume alitafsiri neno kwa neno, tena kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Bwana alishukuru, akaagiza chai kwa wote. Mahona hakungoja chai. Mzigo wake ulikuwa haujafika, na Mnyamwezi hatui mzigo njiani. Katarina alimsindikiza mpaka relini.

Kitabu cha bwana kilipotoka, kilisema kwamba Wanyamwezi walipata hadithi hiyo pwani. Picha ya Katarina ilikuwamo, pembe zikionekana vizuri kabisa. Chini yake paliandikwa: Pambo la kichwa, yaelekea asili yake ni Uarabuni.

Jumapili Katarina huzipaka pembe zake samli, hufunga kitambaa na kuziacha nje, kisha huketi benchi la mbele kanisani. Wageni wakimwuliza alizipata wapi, huwajibu:

“Hapahapa.”